Jaramogi Oginga Odinga: Fahali na Lango la Zizi

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kila mwanafunzi wa Kiswahili ameikariri methali hii tangu shule ya msingi, na aghalabu huitumia kueleza ugomvi wa watu wawili wenye nguvu sawa. Hata hivyo, methali hiyo inaacha swali moja bila jibu. Fahali wawili wakishindana, ni yupi atakayetolewa nje, na ni nani anayelifungua na kulifunga lango? Maisha ya Jaramogi Oginga Odinga, Makamu wa kwanza wa Rais wa Kenya na kinara wa mrengo wa kushoto katika siasa za nchi hiyo, yanatupa nafasi ya kulitafakari swali hilo.

Makala haya yanayasimulia maisha hayo kwa jicho la mtu aliyesimama mpakani. Chakol iko baina ya Busia na Malaba, katika nchi ya Wateso, ambako barabara na reli huvuka kutoka Kenya kwenda Uganda. Kusini kwake, kabla ya kulifikia Ziwa Viktoria, ndiko iliko Bondo, nyumbani kwa Jaramogi. Magharibi kwake ni Uganda, ambako chama tawala cha wakati huo kilikuwa na mvutano wa aina ile ile. Tutaona kwamba katika vita vya uongozi ndani ya vyama, hoja peke yake haikutosha. Mara nyingi ushindi ulimwendea aliyeamua nani awe mjumbe, cheo kipi kiwepo, na karatasi ya nani ipokewe.

Malezi na jina

Jaramogi alizaliwa takriban mwaka 1911 katika kijiji cha Nyamira Kang'o, Sakwa, Bondo. Alisoma katika shule ya Maseno, kisha Alliance, na hatimaye akavuka mpaka kwenda Chuo cha Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Aliporejea alifundisha Maseno na kuwa mwalimu mkuu wa shule ya mifugo iliyokuwa hapo. Alipobatizwa alipewa majina ya Obadiah na Adonijah, lakini baadaye aliyaacha yote mawili akabaki na majina ya kwao. Kwake yeye, mtu asiyeweza kuitwa kwa jina lake mwenyewe hakuwa huru bado, hata kama angepewa cheo.

Jina Jaramogi nalo lina funzo kwa mwanaisimu. Katika Kijaluo, kiambishi ja- hufanya kazi inayokaribiana na ile ya kiambishi m- cha ngeli ya kwanza katika Kiswahili: humtaja mtu kwa asili yake au kazi yake. Ramogi ni mhenga ambaye Wajaluo wengi humtaja kuwa shina la ukoo wao. Kwa hiyo, Jaramogi ni mtu wa Ramogi. Jina hilo lilimpa heshima kubwa miongoni mwa watu wake. Baadaye, wapinzani wake walilitumia kumwonyesha kuwa kiongozi wa kabila moja, ingawa hoja alizozitetea zilihusu wasio na ardhi wa nchi nzima.

Aliuacha ualimu akaingia katika biashara. Mwaka 1947 kampuni aliyoiongoza, Luo Thrift and Trading Corporation, iliandikishwa rasmi. Mtaji wake ulitokana na hisa ndogo ndogo za wakulima, walimu na vibarua. Kampuni hiyo ilikuwa na mtambo wa kupiga chapa, na iliweza kujenga majengo yake yenyewe. Kazi ya kukusanya hisa, pamoja na ile ya kuuongoza Umoja wa Wajaluo, ilimpeleka kwa Wajaluo waliofanya kazi mbali na kwao, hadi Uganda na Tanganyika. Huko ndiko alikojifunza siasa za matawi: kumjua mwanachama mmoja mmoja, kumpa risiti yake, na kumrudia baada ya mwaka kumweleza fedha zake zimefanya nini.

Ndani ya KANU

Mwaka 1957 Jaramogi alichaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka uliofuata alisimama humo na kutamka kwamba Jomo Kenyatta na wenzake waliofungwa ndio waliobaki kuwa viongozi wa kweli wa Waafrika wa Kenya. Wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa ikimchora Kenyatta kama mhalifu, na hata baadhi ya wajumbe Waafrika walishtuka. Tamko hilo lilimletea lawama nyingi, lakini lilibadili mwelekeo wa siasa za nchi. KANU ilipoundwa Kiambu mwaka 1960, James Gichuru alikuwa rais wake, Jaramogi makamu wa rais, na Tom Mboya katibu mkuu. Kenyatta alipoachiliwa mwaka 1961, nafasi ya uongozi ilimngoja.

Ndani ya chama hicho palikuwa na njia mbili. Jaramogi, Bildad Kaggia, Achieng Oneko na Pio Gama Pinto walitaka wasio na ardhi wapewe ardhi bila kuinunua, dola ishike njia kuu za uchumi, na nchi iwe na urafiki na mataifa ya Mashariki sawa na ya Magharibi. Jaramogi mwenyewe aliwatafutia vijana wengi nafasi za masomo katika nchi za kikomunisti. Kwa upande wa pili, Kenyatta, Mboya na wenzao waliona kwamba uchumi mchanga ungevunjika endapo mwenye mali angetishwa, na kwamba ardhi isiyolipiwa ingezua madai yasiyo na mwisho. Hoja zao hazikuwa za kipuuzi, na zilikuwa na wafuasi wengi waliozikubali kwa dhati.

Kenya ilipokuwa jamhuri mnamo Desemba 1964, Jaramogi akawa Makamu wa Rais. Cheo kilipanda huku nguvu zikipungua. Mwezi mmoja kabla ya hapo chama cha KADU kilikuwa kimevunjwa na wabunge wake kuingia KANU, jambo lililouongezea uzito mrengo wa kulia. Mwaka 1965 ulikuwa mgumu zaidi. Pinto, aliyekuwa mpangaji mkuu wa mikakati ya mrengo wa kushoto, aliuawa kwa risasi jijini Nairobi tarehe 24 Februari. Miezi michache baadaye serikali ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, ambao kwa jina ulikuwa wa ujamaa lakini kwa maudhui ulilinda umiliki wa mtu binafsi. Mnamo Mei, shehena ya silaha za Kichina iliyotoka Tanzania kuelekea Uganda ilikamatwa Nyanza Kusini. Jambo hilo lilizidisha shuku dhidi ya Jaramogi kwa sababu ya urafiki wake na Beijing. Mnamo Julai, baadhi ya wahitimu wa Taasisi ya Lumumba, iliyowafundisha makada wa KANU na ambayo Jaramogi alikuwa miongoni mwa walezi wake, walijaribu kuyatwaa makao makuu ya chama. Walikamatwa, na taasisi ikafungwa.

Msomaji wa mpakani atakumbuka kwamba ng'ambo ya Malaba mambo hayakuwa tofauti. Mwaka 1964, katika mkutano mkuu wa UPC uliofanyika Gulu, katibu mkuu John Kakonge, aliyependwa na vijana wa mrengo wa kushoto, aliondolewa katika cheo chake na Grace Ibingira kwa kura za wajumbe. Mnamo Februari 1966 Ibingira naye, pamoja na mawaziri wenzake wanne, alikamatwa kwa amri ya Milton Obote wakiwa katika kikao cha baraza la mawaziri. Chama kilichoshindwa kutatua ugomvi wake kwa kura kiliumaliza kwa polisi.

Limuru, Machi 1966

Wiki chache baada ya ukamataji huo wa Uganda, KANU iliitisha mkutano wa wajumbe mjini Limuru. Mboya, aliyekuwa bingwa wa kupanga, aliuandaa. Orodha ya wajumbe ilibishaniwa tangu mwanzo, kwani mikoani kulikuwa na matawi yaliyogawanyika, na aliyetambuliwa na makao makuu ndiye aliyepata kiti ukumbini. Katiba mpya ya chama ilipitishwa, na cheo cha makamu wa rais wa chama, alichokishika Jaramogi tangu 1960, kikafutwa. Mahali pake paliwekwa makamu wanane, mmoja kwa kila mkoa na mmoja kwa Nairobi.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Jaramogi hakushindwa katika kura ya kukigombea cheo chake. Cheo chenyewe ndicho kilichoondolewa. Kaggia, kwa upande wake, alishinda nafasi ya Mkoa wa Kati, lakini kura ikarudiwa na Gichuru akatangazwa mshindi. Moi alipata Bonde la Ufa na Ngala akapata Pwani. Mrengo wa kushoto ulitoka Limuru ukiwa hauna kiti hata kimoja cha uongozi wa juu.

Tarehe 14 Aprili 1966 Jaramogi alijiuzulu umakamu wa rais wa nchi. Achieng Oneko naye akaacha uwaziri wa habari. Kundi la wabunge na maseneta wakawafuata katika chama kipya, Kenya People's Union, kwa ufupi KPU.

KPU na karatasi zilizokataliwa

Alama ya KANU ilikuwa jogoo, na ya KPU ikawa fahali. Ni kana kwamba methali yetu ilikuwa imechorwa kwenye karatasi za kura. Kabla chama hicho kipya hakijapata nafasi ya kupumua, Bunge lilipitisha marekebisho ya katiba tarehe 28 Aprili: mbunge aliyekihama chama kilichompa kiti alilazimika kurudi kwa wapiga kura. Ndivyo ulivyofanyika uchaguzi wa Juni 1966, ulioitwa Uchaguzi Mkuu Mdogo. Katika viti 29 vya mabunge mawili, KPU ilirudi na 9 tu, saba vya Baraza la Wawakilishi na viwili vya Seneti, vingi vikiwa vya Nyanza ya Kati. Kaggia alishindwa Kandara, na Oneko akashindwa Nakuru.

Matokeo hayo yalikigeuza chama. Fikra zake zilikuwa za nchi nzima: ardhi, shule, hospitali na haki za wafanyakazi. Ramani yake ikawa ya eneo moja. Mwaka 1967 Jaramogi alichapisha tawasifu yake, Not Yet Uhuru, ambamo Kwame Nkrumah aliandika dibaji. Kitabu hicho kilieleza kwa nini, machoni pake, bendera ilikuwa imepandishwa huku kazi ya ukombozi ikiwa haijakamilika.

Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Agosti 1968, wagombea wa KPU wapatao 1,800 walizuiwa wote kwa madai kwamba fomu zao hazikujazwa ipasavyo. Mpiga kura aliyekitaka chama hicho hakupata hata nafasi ya kukipigia kura ya kushindwa. Mwaka huo huo Kaggia alifungwa kwa kosa la kuhutubia mkutano usio na kibali. Alipotoka, msukumo wa kumrudisha KANU ulikuwa mkubwa, na mnamo 1969 makamu huyo wa KPU akarejea katika chama tawala. Kwa kuondoka kwake, Jaramogi alimpoteza mwenzi aliyethibitisha kwa mwili wake kwamba KPU haikuwa chama cha Wajaluo peke yao.

Chama hakikufa mara moja. Mnamo Mei 1969 kilishinda uchaguzi mdogo wa Gem. Lakini tarehe 5 Julai Mboya aliuawa Nairobi, na nchi ikaingiwa na uchungu uliovuka mipaka ya vyama. Mshindani mkuu wa Jaramogi miongoni mwa Wajaluo alipouawa, wafuasi wa wote wawili walijikuta katika matanga mamoja. Tarehe 25 Oktoba Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti. Umati ulipiga kelele za fahali, maneno makali yakatupwa kati ya Rais na Jaramogi hadharani, na walinzi wakafyatua risasi zilizoua watu. Siku tano baadaye KPU ilipigwa marufuku. Jaramogi aliwekwa kizuizini hadi Machi 1971.

Pamba na milango iliyofungwa

Alipotoka kizuizini alirejea KANU, kwa kuwa hapakuwa na zizi lingine. Mwaka 1974 alizuiwa kugombea ubunge. Mwaka 1979, Kenyatta akiwa ameshafariki na Moi akiwa Rais, alizuiwa tena. Hakuwahi kuambiwa kwamba wapiga kura wa Bondo walikuwa hawamtaki. Aliambiwa kwamba chama hakimpi idhini.

Moi alimpa kazi ya uenyekiti wa bodi ya pamba. Kazi hiyo ilimsogeza karibu na watu wa mpaka, kwani Wateso, Waluhya na Wajaluo wa eneo hili walikuwa wakulima wa pamba tangu enzi za ukoloni. Shida yao ilikuwa mfano hai wa hoja zake za kale: mkulima alipeleka zao lake, kisha akangoja malipo. Hata hivyo, hakukaa sana. Mwaka 1981 mbunge wa Bondo alijiuzulu ili kumpisha, na njia ikaonekana kufunguka. Lakini Jaramogi akasema hadharani kwamba Kenyatta alikuwa mnyakuzi wa ardhi, na lango likafungwa tena.

Mnamo Mei 1982, akiwa London, aliueleza umuhimu wa kuwa na chama cha pili. Pamoja na George Anyona alikuwa akijiandaa kuanzisha chama cha kisoshalisti. Alifukuzwa KANU mwezi huo huo, na tarehe 9 Juni Bunge likabadili katiba na kuifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria. Ni nadra sheria ya nchi nzima kubadilishwa kwa sababu ya tangazo la mzee mmoja aliyekaribia miaka 71. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti mwaka huo, aliwekwa katika kizuizi cha nyumbani.

FORD na swali la kura

Mwaka 1991, akiwa na umri wa miaka takriban 80, Jaramogi alisimama pamoja na Masinde Muliro, Martin Shikuku, Philip Gachoka, George Nthenge na Ahmed Salim Bamahriz kuunda FORD. Mnamo Desemba kifungu cha 2A cha katiba kilifutwa na vyama vingi vikarudi. Kwa miezi michache ilionekana kwamba KANU ingeondolewa kwa kura.

Kisha ugomvi ukaanza ndani. Kenneth Matiba alirejea kutoka London mnamo Mei 1992, naye pia akautaka urais. Shikuku na Matiba, waliokutana katika jumba la Muthithi, walitaka mgombea achaguliwe moja kwa moja na wanachama wote. Upande wa Jaramogi, uliokuwa na ofisi katika jumba la Agip, ulitaka achaguliwe na mkutano wa wajumbe. Aliyeumizwa na orodha ya wajumbe kule Limuru sasa alikuwa akiitetea. Muliro, mzee wa Magharibi aliyejitahidi kuwapatanisha, alifariki ghafla tarehe 14 Agosti. Kufikia Oktoba palikuwa na vyama viwili, FORD-Kenya na FORD-Asili.

Katika uchaguzi wa tarehe 29 Desemba 1992, Moi alishinda kwa asilimia 36 hivi ya kura. Matiba alipata asilimia 26, Kibaki 19 na Jaramogi 17. Takribani wapiga kura wawili kati ya kila watatu walikuwa wamewachagua wapinzani, na bado KANU ilibaki madarakani. Ugomvi wa jumba na jumba jijini Nairobi ulilipiwa na mpiga kura wa kijijini.

Jaramogi aliingia Bungeni kama mbunge wa Bondo, na mwaka 1993 akawa Kiongozi Rasmi wa Upinzani. Mwaka huo huo alikiri kwamba chama kilipokea shilingi milioni 2 kutoka kwa mfanyabiashara aliyehusishwa na kashfa ya Goldenberg. Naibu wake Paul Muite na katibu mkuu Gitobu Imanyara waliachia vyeo vyao. Aliyewafundisha vijana hao ujasiri sasa alipingwa kwa ujasiri ule ule. Alifariki Kisumu tarehe 20 Januari 1994. Uongozi wa FORD-Kenya ulimwendea Wamalwa Kijana, Raila Odinga akaugombania, na baada ya miaka mitatu ya vurugu Raila akahamia chama kingine.

Hitimisho

Tukirejea swali la mwanzo, maisha haya yanaonyesha kwamba fahali anayebaki zizini si lazima awe mwenye nguvu kumshinda mwenzake. Limuru, 1966, lango lilikuwa katiba ya chama; 1968 lilikuwa fomu ya uteuzi; 1979 lilikuwa idhini ya chama; 1992 lilikuwa njia ya kumpata mgombea. Jaramogi alilijua lango hilo kuliko mwanasiasa yeyote wa kizazi chake, kwa kuwa alifungiwa mara nyingi zaidi. Kasoro yake kubwa ni kwamba, alipopata chama chake mwenyewe, hakuacha kanuni ambazo hata mpinzani wake wa ndani angeziamini. Kwa hiyo, kila aliyetofautiana naye aliondoka, na alipofariki chama kiligombaniwa kama urithi.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili nasi tuna vyama, katiba na chaguzi zetu, na wengi wetu tutaingia katika vyama vikubwa zaidi. Inatupasa kuisoma historia hii kabla ya kampeni kuanza, wakati ambapo hakuna mgombea bado na kila mmoja anaweza kukubali kanuni iliyo ya haki. Jaramogi aliitetea ardhi ya maskini kwa miaka 30 na zaidi, akalipa kwa kifungo, na hakuurudia umakamu wa rais baada ya 1966. Hoja zake kuhusu ardhi na malipo ya mkulima zilimzidi umri. Wakulima wa Chakol na Bondo, ambao hawakuwahi kuwa wajumbe wa mkutano wowote wa Limuru, ndio waliokuwa na haki kubwa zaidi ya kuona hoja hizo zikipigiwa kura.